Yasmin wa Kitabuni na Yasmin wa Sinema

Katika mji wetu wa Lubumbashi, kijana anayetaka hadithi ya mapenzi haendi mbali kuitafuta. Anayo katika simu mkononi mwake, anayo katika televisheni ya jirani, na mara nyingi hadithi hiyo husemwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Wapendanao wake huishi katika nyumba zisizofanana na zetu, na wazazi wao hawaulizi maswali wanayoyauliza wazazi wa Katuba au wa Ruashi. Kwa sababu hiyo twaona ni vema kuwajulisha wasomaji wetu hadithi moja ya mapenzi iliyotungwa kwa Kiswahili, ikapigwa chapa kuwa kitabu, na baadaye ikafanywa sinema kwa Kiswahili vilevile. Jina lake ni Vuta N'kuvute.

Kitabu ni kazi ya Adam Shafi, mwandishi wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye alikwisha kujulikana kwa riwaya zake Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979). Vuta N'kuvute kilitolewa Dar es Salaam na wachapishaji Mkuki na Nyota mwaka 1999, na wanafunzi wengi wa shule za sekondari za Tanzania wamekisoma darasani. Sinema iliongozwa na Amil Shivji, naye ni Mtanzania. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Septemba 2021 katika tamasha kubwa la sinema la Toronto, nchini Kanada, na mwaka 2022 Tanzania iliichagua iende kwa jina la nchi katika mashindano ya Oscar huko Marekani. Kitabu humchukua msomaji siku kadhaa. Sinema huisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Hatuviweki viwili hivi pamoja ili tuulize kipi ni kizuri kuliko kingine. Swali hilo ni la bure, maana kila chombo kina kazi yake. Jembe halishindani na mtungi. Twaviweka pamoja kwa sababu jambo moja lililomo kitabuni lilihamishwa mahali pake lilipoingia katika sinema, nalo ni jambo linalowahusu sana wazazi wenye mabinti, na mabinti wenyewe.

HADITHI YENYEWE

Mambo ya hadithi hii yanatukia Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na muungano na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Wakati wa hadithi yetu uhuru haujafika bado, lakini watu wamekwisha kuanza kuunong'ona.

Yasmin ni msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15. Anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52. Hakuna aliyemwuliza kama anataka. Bwana Raza anamchukua mpaka Mombasa, na huko binti huyu anaishi katika nyumba ambayo ni ya mumewe kwa kila kitu, wala si yake kwa lolote. Siku inafika anatoroka, anavuka bahari na kurudi Unguja. Anakwenda kwa mjomba wake. Mjomba anamfukuza, kwa kuwa ameleta aibu. Basi anapokewa na Mwajuma, rafiki yake, mwanamke Mwafrika asiye na mali, huko Ng'ambo, upande wa mji walikokaa watu wa hali ya chini. Kwa Mwajuma ndiko anakopata kumjua Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye pamoja na wenzake hufanya kazi ya siri ya kudai uhuru. Denge anaandamwa na askari wa serikali, Inspekta Wright na Koplo Matata. Mapenzi ya Yasmin na Denge huzaliwa katikati ya hatari hiyo, na askari hutaka kumtumia msichana ili wamnase kijana. Mwisho njia za wapenzi hawa wawili zinatengana, naye Yasmin, baada ya misukosuko mingi, anaolewa na mtu mwingine, Bukheti, safari hii kwa hiari yake.

Jina la kitabu limetoka katika mchezo wa kamba tunaoujua sote: wewe vuta, nami nikuvute. Waingereza wanavuta huku, wananchi wanavuta kule. Kadhalika Yasmin anavutwa na ukoo wake upande mmoja, na upande wa pili anavutwa na moyo wake. Mtoto wa shule akikielewa kichwa cha kitabu amekwisha kuielewa nusu ya hadithi.

LILILOTANGULIA NA LILILOFUATA

Sasa tulitazame jambo tulilolitaja. Katika kitabu, Yasmin anaiacha nyumba ya Bwana Raza kabla ya kumjua Denge. Anapopanda chombo kurudi Unguja hakuna kijana anayemngoja pwani. Hakimbilii kwa mpenzi. Anakimbia ndoa ambayo hakuitaka, basi. Anaondoka mikono mitupu, hajui atalala wapi, na mlango wa kwanza anaoubisha unafungwa mbele ya uso wake. Mapenzi yanakuja baadaye, baada ya kukataa kwake kukamilika na baada ya kukilipia kukataa huko gharama yake.

Katika sinema, Yasmin na Denge wanakutana mapema. Wanaonana usiku, wakati msichana yumo njiani kupelekwa kuolewa. Ndiyo kusema, kabla hajaingia katika nyumba ya ndoa, amekwisha kuuona uso wa yule atakayempenda.

Twafahamu kwa nini mwongozaji alifanya hivyo. Yeye hana kurasa mia mbili au mia tatu. Yapasa watazamaji wawajue wapendanao upesi, ama sivyo nusu ya muda wake itakwisha kabla kijana hajaonekana. Tena sura mbili zinazoangaliana gizani, njia ya mmoja ikikatana na ya mwenzake, ni jambo ambalo sinema hulisema kwa nguvu kuliko kalamu yoyote. Kama kazi ya ufundi, mpango huo una akili.

Lakini tuangalie unaloliacha katika mawazo ya mtazamaji. Atakayeiona sinema peke yake aweza kutoka akisema: "Yasmin alimkimbia mumewe kwa sababu alikuwa amempenda mwingine." Aliyesoma kitabu hawezi kusema hivyo. Yeye anajua kwamba msichana alikataa kwanza, akapenda baadaye, na kwamba kukataa kwake kungekuwa kwa haki hata kama Denge asingalizaliwa duniani.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo madogo ya watu wa vitabu. La, si madogo. Ni mara ngapi katika jamaa zetu binti amekataa mchumba aliyeletwa na wajomba, na swali la kwanza aliloulizwa likawa: "Ni kijana gani anayekuharibu akili?" Hatumwulizi sababu zake. Twamtafuta mwanamume aliyejificha nyuma ya neno lake, kana kwamba msichana hawezi kusema "sitaki" kwa kinywa chake mwenyewe. Tusipomwona mwanamume huyo, twasema binti ni mkaidi, au amelogwa. Basi sinema, bila kukusudia, yaweza kumpa nguvu mzazi wa namna hii. Kitabu chamnyang'anya nguvu hiyo.

USHUHUDA WA NCHI YETU

Sisi Wakatoliki wa Kongo hatupaswi kuona jambo hilo kuwa geni. Mwenye heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, Mtawa wa Shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, kwa sababu alimkatalia mkuu wa waasi aliyetaka kumchukua kwa nguvu awe mkewe. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Hatumfananishi Yasmin wa hadithi na shahidi wa kweli. Mmoja ni mtu wa kutungwa, naye ana makosa yake, na mwingine alimwaga damu yake kwa ajili ya nadhiri aliyomwekea Kristo. Twataka kusema neno moja tu: wale walioshika bunduki hawakuamini kwamba kukataa kwa mwanamke kuna thamani. Kanisa limekuweka kukataa huko juu ya altare.

Hata sheria ya Kanisa yasema wazi. Ndoa hufanywa na ridhaa ya wale wawili, na kanuni ya 1057 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 yafundisha kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu yawezayo kuitoa ridhaa hiyo mahali pao. Si baba, si mjomba, si chifu, si Padri. Kanuni ya 1103 yaongeza kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa. Ndiyo sababu kabla ya kufunga ndoa Padri humwuliza kila mchumba kama anakuja kwa hiari yake. Wazazi wengine hudhani maswali hayo ni desturi tu ya ofisi ya parokia. Sivyo. Yule binti anayeulizwa yumo katika mahali pale pale ambapo hakuna mtu aliyemweka Yasmin.

Na sheria ya serikali yetu imefika hapo pia. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, umri uleule wa Yasmin, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilikataza uchumba na ndoa za watoto, na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ikairekebisha ile ya 1987, hata sasa miaka 18 ni ya wote wawili, mvulana na msichana. Kwa hiyo mzazi wa Lubumbashi atakayesoma kurasa za kwanza za Vuta N'kuvute asiseme: "Hayo ni mambo ya Wahindi wa zamani." Kwa muda wa miaka mingi yalikuwa yameandikwa katika sheria ya kwetu.

UMRI HAUONEKANI KATIKA SINEMA

Kuna tofauti ya pili, nayo haikutokana na uamuzi wa mwongozaji yeyote, bali yatokana na chombo chenyewe. Mwandishi akiandika miaka 15 na miaka 52, hesabu hizo hukaa katika kichwa cha msomaji mpaka mwisho. Kila Bwana Raza anapofungua mlango, msomaji hukumbuka: huyu ana miaka 52, na yule ni mtoto ambaye angepaswa kuwa darasani. Sinema haina hesabu, ina nyuso. Ikhlas Gafur Vora, anayeigiza Yasmin, amekwisha kuvuka utoto, na haki ndivyo ilivyopasa kuwa. Lakini macho ya mtazamaji yanaona mwanamke kijana, na ubaya wa jambo unapungua machoni pake.

Shida hiyo ni ya zamani. Juliet wa Shakespeare hajatimiza hata miaka 14. Walipofanya sinema ya Romeo na Juliet huko Marekani mwaka 1936, walimpa kazi hiyo Norma Shearer, mwanamke aliyekwisha kupita miaka 30, na watazamaji wakasahau kabisa kwamba hadithi ni ya watoto. Mwaka 1968 Franco Zeffirelli wa Italia alitaka ukweli zaidi, akawachukua Olivia Hussey na Leonard Whiting, ambao wakati wa kupiga picha walikuwa na miaka 16 na 17. Sinema yake ikasifiwa duniani kote. Lakini ndani yake mlikuwa na picha ya chumbani ambamo vijana wale walionyeshwa bila nguo, na mwishoni mwa mwaka 2022, wakiwa wazee wa zaidi ya miaka 70, waigizaji hao wawili walipeleka mashtaka mahakamani huko California kwa ajili ya picha ile. Mashtaka yao yalitupwa mwaka 2023. Hata hivyo kila mzazi aweza kufikiri mwenyewe juu ya jambo hili: ili sinema iseme kweli juu ya mateso ya mtoto, yaweza kumtesa mtoto mwingine aliye hai. Kitabu hakina hatari hiyo. Yasmin wa kwenye karatasi aweza kuwa na miaka 15 milele, na hakuna mtoto wa mtu aliyeumizwa ili tumhurumie.

SINEMA ILILOTUPA

Tusiidhulumu sinema. Inatupa mambo ambayo kitabu, kwa msomaji wa Katanga, hakiwezi kumpa kwa ukamilifu.

La kwanza ni mahali. Wengi wetu hatujaiona bahari. Tukisoma juu ya vichochoro vya Mji Mkongwe, juu ya milango ya mbao iliyochongwa na majahazi bandarini, twajaribu kuvijenga katika mawazo kwa vitu tunavyovijua, na mara nyingi twakosea. Sinema hutuonyesha jinsi njia zilivyo nyembamba, na papo hapo twaelewa kwa nini siri haikai siku mbili katika mji kama ule, na kwa nini askari wawili watosha kumtia hofu kijana mmoja.

La pili ni sauti. Mwajuma wa sinema huigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa wa Unguja. Mwandishi aweza kusema kwamba taarabu ilipigwa na watu wakasahau taabu zao. Msomaji atamsadiki, lakini hatasikia kitu. Katika sinema anasikia. Naye Gudrun Columbus Mwanyika, anayemwigiza Denge, huweza kunyamaza kwa namna ambayo yaeleza hofu na ujasiri kwa mara moja.

La tatu ni lugha. Kiswahili cha Adam Shafi ni cha Unguja, nacho kina maneno yatakayomsimamisha kijana wa Kamalondo aliyezoea Kiswahili cha sokoni kwetu. Lakini tusikate tamaa. Kiswahili tunachokisikia kanisani, katika masomo ya Misa na katika vitabu vya sala, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili hicho. Mwanafunzi akiisikia lugha ya kitabu katika vinywa vya watu, wakiapa kwayo, wakidanganya kwayo na kusamehe kwayo, atarudi kwenye kurasa bila woga. Tena ni jambo la heshima kwake kuona kwamba lugha yake yaweza kubeba hadithi nzima ya mapenzi na ya uhuru, ikasikika Toronto, bila kuazima maneno kwa jirani.

Kanisa halikuwa mgeni wa mambo haya. Papa Pio wa Kumi na Mmoja aliandika juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pio wa Kumi na Mbili akaandika tena mwaka 1957. Wote wawili waliona hatari zake, lakini hawakuamuru Wakristo wafumbe macho, bali wajifunze kutazama. Hapa Kongo kwenyewe, katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst, Mmisionari wa Scheut, alipiga huko Kasai zile sinema za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Na tarehe 17 Julai 2024 hayati Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye katika miaka ya 1964 na 1965 alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya Wayesuiti mjini Santa Fe, Argentina, aliandika barua nzima juu ya faida ya kusoma riwaya na mashairi. Humo alieleza kwamba kitabu chamdai msomaji atie kazi ya nafsi yake zaidi kuliko sinema, kwa kuwa sinema huja ikiwa imekamilika, na nafasi ya kuiongezea kitu ni ndogo. Maneno hayo yaonekana wazi katika jambo tunalolizungumza. Sinema imekwisha kuamua sura ya Yasmin. Kitabu kinamwachia kila msichana anayekisoma nafasi ya kuona kwamba sura ile yaweza kuwa yake.

KUHUSU UKUTA WA KABILA

Kuna jambo jingine ambalo kitabu na sinema vinakubaliana kabisa, nalo latuhusu. Yasmin hakuvunja ndoa tu, alivunja ukuta. Alikwenda kukaa kwa Mwafrika, akampenda Mwafrika, na kwa watu wa jamii yake kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Mjomba aliyemfunga mlango alikuwa akiilinda rangi ya nyumba yake.

Sisi katika Katanga twajua kuta za namna hiyo. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na mahali pengine, na ukuta uliojengwa siku zile ulipita mpaka ndani ya nyumba ambamo mume alikuwa wa upande mmoja na mke wa upande mwingine. Hata leo kuna wazee ambao, kijana akileta jina la mchumba, huuliza kijiji kabla ya kuuliza tabia. Mwajuma hakuuliza kijiji. Alifungua mlango, akatandika kitanda. Katika hadithi nzima, iwe ya karatasi au ya picha, yeye ndiye aliyefanya kazi ya Msamaria Mwema, na wala si Mkristo. Wazazi wasomao Injili wafikiri juu ya jambo hilo.

JE, KITABU HIKI CHAFAA KWA VIJANA WETU?

Tutasema kweli. Vuta N'kuvute si kitabu cha dini. Mapenzi ya Yasmin na Denge si mapenzi ya ndoa, na mwandishi hawahukumu. Denge amejifunza siasa yake Urusi, na kwa baadhi ya mawazo ya wenye siasa hiyo Mkristo hawezi kusema amina. Walevi wamo, wapelelezi wamo, na usiku wa Ng'ambo si usiku wa utawani. Kwa hiyo kitabu hakifai kwa watoto wa shule ya msingi, wala sinema haifai kuonyeshwa ovyo mbele ya wadogo.

Lakini kijana wa miaka 16 au 17 ambaye amekwisha kuona katika simu yake mambo mabaya mara kumi kuliko hayo, hatapotoshwa na Adam Shafi. Faida yake ni kubwa, maana kitabu hiki hakimdanganyi. Kinamwonyesha kwamba mapenzi yaliyozaliwa usiku mmoja hayaondoi njaa ya kesho. Kwamba mwanamume aweza kupenda kwa kweli na hata hivyo asibaki. Kwamba baada ya wimbo kwisha, msichana ndiye anayebaki na maneno ya watu. Mambo hayo yanataka muda, na muda ndio mali ya riwaya. Sinema ikitaka kukuonyesha miaka mitatu hukupa picha tatu. Riwaya hukupitisha ndani yake, siku kwa siku, hata ukachoka pamoja na Yasmin. Na mtu aliyechoka pamoja na mwenzake hamhukumu upesi.

Tazameni pia mwisho wa kitabu. Yasmin anaolewa mara ya pili. Msomaji aliyetaka Denge ashinde, huona uchungu. Lakini akifikiri vizuri ataona kwamba mwandishi amerudisha kitu kilichoibwa katika kurasa za kwanza. Pale mwanzo palikuwa na ndoa bila ridhaa. Hapa mwisho pana ridhaa. Mwalimu anayefundisha wachumba hawezi kupata mfano ulio wazi kuliko huu.

SHAURI LETU

Kwa walimu, kwa viongozi wa Kiro na wa Xaveri, na kwa wazazi wenye vijana wakubwa, twatoa shauri jepesi. Kitabu kitangulie, sinema ifuate. Someni kwanza pamoja mpaka mahali Yasmin anapoiacha Mombasa, kisha fungeni kitabu. Waulizeni vijana: kwa nini ameondoka? Kila mmoja aseme, wavulana kwa wasichana, pasipo kumcheka mtu. Wakimaliza kitabu, watazame sinema, na baada yake waulizwe swali lilelile. Mtasikia majibu yamebadilika. Wengine watasema sasa kwamba aliondoka kwa ajili ya Denge. Hapo ndipo mwongoze mazungumzo: ni nani aliyeyabadili majibu yenu, nanyi mlikubali lini?

Kijana atakayejifunza kujiuliza hivyo mbele ya sinema moja ya Kiswahili, ataweza kujiuliza mbele ya zile mia nyingine anazozitazama peke yake usiku, ambazo hatutakuwapo kumsimamia.

Nanyi akina baba na wajomba, tuna neno kwenu pia. Siku binti yenu atakaposema kwamba hamtaki mtu mliyempokelea mahari, msianze kumtafuta kijana aliyejificha. Mketisheni, mwulizeni sababu zake, na mzisikilize mpaka mwisho. Huenda kijana yupo, na hilo mtalizungumza kwa wakati wake. Lakini huenda hayupo, na binti amesema tu lile ambalo Padri atamwuliza mbele ya altare. Afadhali alijibu nyumbani, mbele ya watu wanaompenda, kuliko kulijibu kwa kutoroka usiku na kubisha mlango wa mjomba ambaye hatamfungulia.